Maradhi ya Usukani

Katika mashaka yapatayo gari kuukuu, hapana lililo karibu zaidi na mauti kuliko shaka la usukani. Injini ikizimika, gari husimama na mwenyewe hushuka akalisukuma. Hasara yake ni jasho na muda. Usukani ukikatika, gari huenda litakako, likawachukua dereva, abiria na mpita njia katika hukumu moja. Basi ni ajabu kubwa kwamba maradhi haya, yenye hatari kupita mengine, aghalabu hutibiwa kwa kubahatisha.

Jina lenyewe lina mafunzo. Watu wa mwambao walikuwa na usukani karne nyingi kabla ya kuwa na motokaa. Ulikuwa ubao uliofungwa kwenye tezi ya jahazi, na aliyeshika kana yake aliyasikia maji mkononi mwake. Motokaa ilipofika ilirithi neno, lakini haikurithi ukaribu ule. Kati ya kiganja cha dereva na tairi kuna mlolongo wa viungo: mhimili unaoshuka, kisanduku chenye gololi ndani yake, mkono wa chuma utokao kisandukuni, fito zipelekazo mwendo kushoto na kulia, na vichwa vya tairodi vilivyoshikamana na magurudumu. Kila kiungo hupokea mwendo na kuukabidhi kwa mwenziwe. Kimoja kikilegea, mkono wa dereva hupata habari, lakini haupati jina la mkosaji.

Kawe ni mahali pazuri pa kuyatazama mambo haya. Mji huu wa kando ya bahari, kaskazini ya Dar es Salaam, wazee waliujua kwa kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers. Siku hizi una nyumba nyingi, na pikapu nyingi za kuzihudumia. Baadhi yake ni Toyota Hilux za miaka ya 1990, ambazo bado hubeba saruji, mchanga na samani za wahamaji. Barabara kuu zina lami, vichochoro vina mchanga na mashimo, na upepo wa bahari una chumvi ilayo chuma usiku na mchana.

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa na pikapu ya namna hiyo. Ilivuta kushoto, na usukani ulizunguka kiasi cha kiganja kizima kabla magurudumu hayajaitika. Fundi wa kwanza hakulala chini ya gari. Aliutikisa usukani mara mbili, akaamua kwamba kisanduku kimekufa, akamtuma mama akanunue cha mtumba Shaurimoyo, Ilala. Bei aliyotajiwa ilikaribia karo ya mtoto aliyekuwa akingoja kurudi shule. Mama akaenda kwa fundi wa pili, mtu mzima wa makamo, kabla hajafungua mkoba.

"Fundi, niambie kweli," alisema. "Fedha niliyo nayo ni ya kununua kitu kimoja tu. Nikikosea, gari halitengenei na mtoto hasomi."

"Basi tusinunue kitu, mama, mpaka gari lenyewe limesema."

Alianza kwa maswali. Kuvuta huku kulianza lini? Ni wakati wote, au ni wakati wa kufunga breki tu? Gari livutalo wakati wa breki tu, mkosaji wake hutafutwa kwanza katika breki. Dereva akajibu kwamba ni wakati wote. Fundi akapima upepo, kwa kuwa tairi lenye upepo haba huvuta gari upande wake na kuufanya usukani mzito. Upepo ukawa sawa. Kisha akabadilishana matairi ya mbele, la kushoto likaenda kulia na la kulia kushoto, na gari likajaribiwa barabarani. Likaanza kuvuta kulia. Nusu ya ugonjwa ikajulikana bila senti kutumika: tairi moja lilikuwa limelika upande, nalo lilikwenda na kasoro yake kila lilipohamishiwa. Lakini tairi haliliki upande bila sababu, na ulegevu wa usukani ulikuwa bado upo.

Akamketisha kijana wake kwenye usukani, magurudumu yakiwa yamekanyaga chini, autikise kidogo kidogo kushoto na kulia. Yeye akaingia uvunguni, akashika kiungo kimoja baada ya kingine. Kanuni yake ilikuwa fupi: pale mwendo uingiapo na hautoki, ndipo penye ugonjwa. Kisanduku kilipokea mwendo na kuutoa. Bolti zilizokifunga kwenye chesisi zilikuwa imara, na chuma cha hapo hakikuwa na ufa. Jambo hili la mwisho lataka macho sana karibu na bahari, maana chesisi iliyoliwa na kutu huweza kupasuka hapo, kisanduku chote kikacheza hali viungo vyake ni vizima. Alipofika kwenye tairodi ya kushoto, fito ilikwenda na gurudumu likabaki.

Jeki ikawekwa. Akalishika gurudumu ubavuni kwa mikono miwili, akalitikisa kushoto na kulia, likagonga. Akalishika juu na chini, akalitikisa, likatulia. Kama lingalicheza hivyo, angalimwambia kijana akanyage breki: mchezo ukitoweka, beringi ndiyo mbovu, ukibaki, hutazamwa bolijointi. Safari hii zote mbili zilikuwa salama. Kichwa cha tairodi ndicho kilichokuwa karibu kuchomoka, na bei yake ilikuwa sehemu ndogo ya bei ya kisanduku. Mama angalifuata shauri la kwanza, angaliondoka na kisanduku kingine na kifo kilekile.

Kiko kichwa kipya kikafungwa, tairi la akiba likavalishwa, na magurudumu yakapangwa upya yaelekee sawa, maana bila hivyo tairi lingine lingalilika kama la kwanza.

Mafundi wengine huuficha ulegevu kwa kukaza skrubu iliyo juu ya kisanduku. Siku hiyo usukani huwa mkakamavu, na mteja hufurahi. Lakini ikiwa ulegevu uko kwenye fito, skrubu haikuutibu. Na ikikazwa kupita kiasi, usukani huwa mzito, haurudi wenyewe baada ya kona, na kisanduku kilichokuwa kizima huanza kulika. Huko ni kumtia mgonjwa maradhi ya pili ili asilalamikie ya kwanza.

Hata hivyo si haki kumlaumu fundi peke yake. Ilipofika saa ya malipo, mama alitoa bei ya kichwa cha tairodi bila neno, akashangaa kudaiwa ujira wa asubuhi nzima.

"Lakini hapo mwanzo ulikuwa ukiangalia tu, fundi wangu."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa naangalia."

Mama alinyamaza kidogo, kisha akalipa. Wengi hawalipi. Hukubali kulipia chuma kwa sababu chuma huonekana, wakakataa kulipia kipimo kwa sababu hakishikiki. Na fundi mwenye watoto hujifunza upesi kwamba kuuza kisanduku kuna chakula kuliko kukichunguza. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kuendeshwa barabarani, lakini sheria haiingii uvunguni. Aingiaye ni fundi, akiwa na tochi na mchanga mgongoni. Saa aliyokaa huko yastahili ujira wake, hata siku atakayotoka na kusema kwamba hakuona ubaya wowote.