Dola 39 na Senti 60

Mjukuu wangu, mwenye kutaka kuonyesha mapenzi ya kweli kwenye sinema na awachekeshe watu kwanza. Hilo nililiona Unguja nikiwa kijana, ilipotufikia Chori Chori ya Raj Kapoor na Nargis. Filamu yenyewe ilitoka India mwaka 1956, na kwetu ilikuwa ndiyo miaka ya uchaguzi wa kwanza, jina la Karume haliishi kutajwa kwenye mabaraza ya kahawa. Ila Jumapili jioni siasa iliwekwa kando. Kutoka Darajani hadi Vuga njia zilijaa watu waliokoga wakapendeza, wote wanakwenda ukumbi wa sinema wa Majestic: kanzu zilizopigwa pasi ya makaa, mabuibui yaliyofukizwa udi, vikuba vya asumini, na harufu ya karafuu kutoka bandarini ikichanganyika na ya njugu za kukaanga. Njugu ziliuzwa senti 5 kikaratasi kimoja. Kiti cha mbele kilikuwa senti 75, na tikiti zikimalizika, mlanguzi pale kwenye kona alikudai shilingi 2 bila kupepesa macho, nawe ukatoa.

Kihindi wengi wetu hatukukijua, lakini kisa kilifuatika. Binti wa tajiri anamtoroka baba yake ili akaolewe na kijana anayenyemelea mali, na njiani, ndani ya basi, anakutana na mwandishi wa habari ambaye hana kitu ila ulimi. Wanagombana safari nzima. Bado nauona uso wa Nargis, kidevu juu, kisha njaa na vumbi vinaulainisha kidogo kidogo. Nauona pia uso wa mama mmoja wa makamo aliyekaa safu ya nyuma yangu, anacheka huku anajifuta machozi kwa upindo wa buibui. Wangapi ukumbini mle waliozeshwa waume ambao kabla ya nikaha hawakupata kusema nao hata neno moja! Sasa mbele yao alikuwapo mwanamke anayejibizana na mwanamume neno kwa neno, wala hadithi haimwadhibu kwa hilo. Kicheko chao kilitoka mbali, na kilikuwa na haki ndani yake.

Kisa kile Wahindi walikichukua Marekani. Asili yake ni It Happened One Night ya Frank Capra, ya mwaka 1934, waliyoicheza Clark Gable na Claudette Colbert, ikanyakua tuzo zote 5 kubwa za Oscar. Niliipata mwaka 1986, kwenye kaseti ya video aliyotuletea jamaa yetu kutoka Muscat, tukaitazama nyumba nzima sebuleni. Marekani ya wakati ule ilikuwa imeelemewa na mdororo mkuu wa uchumi. Kazi hakuna, na ndani ya basi la kutoka Miami kwenda New York binti aliyezoea jahazi la anasa anabanana na wenye njaa. Watu husifu lile blanketi linalotundikwa kwenye kamba kati ya vitanda viwili, na husifu mguu ambao binti anauonyesha barabarani hadi gari likasimama. Ni mambo mazuri yote mawili. Mimi nasema moyo wa filamu uko kwingine, uko kwenye hesabu.

Baba mtu ametangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayempata binti yake. Mwandishi anamwendea, na anachodai ni dola 39 na senti 60 tu: taslimu 8.60, koti 15, sanduku 7.50, kofia 4, mashati matatu 4.50. Zawadi haitaki, anataka alichopoteza njiani, asizidishiwe wala asipunjwe. Tajiri anaisikiliza orodha ile na kumtambua mkwe wake, akambana mpaka kijana akakiri kwa hasira kwamba anampenda binti. Siku ya harusi, baba huyohuyo ndiye anayemnong'oneza bibi harusi kwamba gari linamsubiri, akimbie. Sisi tuliokulia kwenye posa na mahari tunaielewa sehemu hii kuliko watu wengi: anayekuja kuoa hupimwa kwa namna anavyoishika fedha, hasa ile isiyo yake.

Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba filamu za namna hii ni upuuzi wa kupitishia jioni. Vichekesho vinavyomdhihaki maskini au mwanamke vinakera, navyo tunavyo tele. Hivi vinawaweka wawili kwenye kiti kimoja, fedha na jina la ukoo vikiwa mbali, tuone nani atasema kweli kwanza. Itazame ya Capra kwanza kwa ajili ya maneno, kisha ya Nargis kwa ajili ya nyuso na nyimbo. Na ukifika kwenye hesabu ile irudie mara mbili, maana hapo Robert Riskin, aliyeandika mchezo, ameipa heshima tarakimu zake.