Saa Iliyokuwa Ikingoja



Mwanangu aliyeko Maskati alituletea hapa Nansio mashine ya kuoshea vyombo, iliyokwisha kutumika. Usiku mmoja wa Ramadhani, saa yake ikagoma. Ile inayojizungusha yenyewe kutoka kuosha hadi kusuuza. Mashine yanguruma, maji yarushwa, saa haisogei. Mjukuu wangu ndiye aliyeigusa mwisho. Nikamkaripia mbele ya wageni wa futari kwamba ameizungusha kinyume. Akanyamaza.

Kesho yake alikuja fundi. Kwanza alichomoa waya wa umeme, kisha akaipima saa: mota yake ndogo nzima, meno yake mazima. Akasema, "Shehe, saa hii haikufa. Inangoja." Akanieleza kuwa katika baadhi ya mashine, saa husimamishwa makusudi mpaka maji yapate moto; kidhibiti joto kikiona moto umetosha, ndipo huiruhusu iendelee. Maji yetu yalibaki baridi kwa kuwa koili ya kuyachemsha imeungua kwa uchakavu, si kwa mkono wa mtoto.

Ewe msomaji, mimi niliyesomesha miaka mingi Sura ya Hujurat, ambayo aya yake ya 12 yatukataza dhana mbaya, nilihukumu kabla ya kupima!

Koili mpya ilipatikana Mwanza. Heshima ya mtoto haiuzwi dukani. Jioni ile nilimwita mbele ya wageni wale wale, nikamwomba radhi. Nawe, kama yuko nyumbani mwako uliyemhukumu kwa kunyamaza kwake, mwendee leo.