Mti Unaovuliwa Nguo Kila Mwaka

Ukichuna gome la mti kulizunguka shina lote, umeuua. Wakulima wanaijua hila hiyo: mtu asiyetaka kupiga shoka huvua gome pete moja tu, kisha anasubiri. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenye mizizi kwa njia ya gome, na njia hiyo ikikatwa mizizi hufa njaa. Kwa hiyo nilipomwona fundi wa upande wa Masaka, Uganda, akiuvua mutuba kuanzia karibu na ardhi hadi chini ya matawi, nilijua naona mti ukiuawa. Mimi ni seremala. Riziki yangu yote imetoka kwenye miti iliyokwisha kufa, na sikuwa na sababu ya kufikiri kwamba kuna namna nyingine ya kupata kitu cha maana kutoka kwenye mti.

Mutuba ni wa jamii ya mkuyu. Wataalamu huuita Ficus natalensis. Waganda wametengeneza nguo kwa gome lake kwa karne nyingi, tangu kabla misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani haijaleta vitambaa vya pamba. Kwetu Kagera pia, ng'ambo ya pili ya mpaka, Wahaya walivaa nguo za gome. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hii ya Buganda kuwa miongoni mwa kazi adhimu za urithi wa utamaduni wa binadamu, na mwaka 2008 ikaingia kwenye orodha ya urithi huo. Lakini heshima ya UNESCO haikunigusa sana. Kilichonigusa ni mpangilio wa kazi yenyewe.

Gome huvunwa majira ya mvua, mti unapokuwa na maji mengi na gome kuachia kwa urahisi. Fundi hukwangua ganda kavu la juu, akakata duara moja chini na jingine juu, akapasua mstari mmoja wa wima. Baada ya hapo kisu kinawekwa kando. Kulibandua gome anatumia kabari aliyoichonga kwenye mgomba, laini, kwa sababu chuma kingejeruhi utando mwembamba unaobaki kwenye shina, umelowa na unateleza. Utando huo, kambiamu, ndio utakaoota gome jipya. Ukikauka, mti umekwisha.

Gome lilipotoka nilitazamia alikimbilie, maana nalo halitakiwi kukauka kabla ya kupigwa. Hakulikimbilia. Alilikunja akaliweka kivulini, akaanza kulifunga shina kwa majani ya migomba, zamu baada ya zamu, akiyakaza kwa kamba za mgomba huohuo. Nikamuuliza kwa nini anaanza na mti wakati mali iko chini.

"Hili nimeshalipata, mwanangu," alisema. "La mwakani bado."

Halafu ndipo alipoanza yale ambayo wageni huja kuyapiga picha. Gome hulainishwa kwa moto au mvuke, likatandazwa juu ya gogo ndani ya banda lenye kivuli, likapigwa kwa nyundo za mti zilizochongwa mifereji: kwanza yenye mifereji mipana, mwisho yenye mifereji myembamba. Hupanuka mara kadhaa ya upana wake wa awali. Likianikwa, upande unaopigwa na jua hugeuka mwekundu wa udongo. Ni kazi nzuri kuitazama, na mlio wake unasikika mbali, lakini kwangu mimi ufundi ulikuwa umeshamalizika pale kwenye majani ya migomba.

Mti mmoja ukitunzwa hivyo huvunwa kila mwaka kwa miongo kadhaa. Gome la kwanza huwa gumu na la hali ya chini. Nguo nzuri hutoka kwenye mavuno ya baadaye. Huku nyuma mutuba unaipa kivuli migomba na kahawa shambani, na migomba ndiyo inayotoa majani ya kuufunga. Sijui ni nani aliyepanga hayo. Pengine hakuna aliyeyapanga kwa siku moja.

Siku hizi wabunifu wa nchi tajiri wanazungumza sana juu ya kutengeneza vitu kwa kushirikiana na viumbe hai, na baadhi ya kazi zao zinastahili sifa. Mwaka 2013 Neri Oxman na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walitanda nyuzi za hariri kwenye fremu kwa kutumia mashine, kisha wakaweka juu yake viwavi wa hariri 6,500 wamalizie. Kiwavi hasikilizi amri. Wao walichunguza anapenda nini, yaani giza na mahali penye nyuzi nyingi, wakapanga mwanga na nyuzi kwa kufuata tabia hiyo. Na kwa kuwa hakupewa pembe ya kujengea kifukofuko, alisokota hariri yake ikiwa bapa, kisha akageuka nondo. Hariri ya kawaida hupatikana kwa kuvichemsha vifukofuko na mwenyewe akiwa ndani.

Wengine sina uhakika nao. Kampuni ya Ecovative, iliyoanzishwa New York mwaka 2007, huchanganya mabaki ya mazao na nyuzi za uyoga ndani ya umbo, na kwa siku chache uyoga huyashikanisha yawe kifaa cha kufungashia badala ya plastiki nyeupe ile inayojaa mitaroni. Faida yake naikubali kabisa. Mwishoni, hata hivyo, kitu hicho hupitishwa kwenye joto ili uyoga usiendelee kukua. Ni uvumbuzi mzuri. Ushirikiano ni neno kubwa mno kwa mwenzako unayemtia tanuri kazi ikiisha. Nami sisemi hivyo kwa dharau, maana mbao zangu za mninga hazijawahi kupewa hata hizo siku chache.

Tangu Masaka nimekuwa nikiwaangalia watu kwa jicho la fundi yule. Nina dada muuguzi, wa kwanza katika ukoo wetu kupata mshahara. Ada za watoto wa kaka zimetoka kwake, bati za nyumba ya baba zimetoka kwake, na msiba ukitokea simu ya kwanza inapigwa kwake. Hakuna anayemchukia; tunampenda sana, na kwenye vikao tunamsifu. Lakini ukoo mzima haukuwahi kujiuliza kama mwezi huu ni wa mvua kwake au wa kiangazi. Alipofanyiwa upasuaji alitumiwa salamu za pole, na ndani ya salamu mojawapo mlikuwa na ombi la karo.

Watu wa aina hiyo wako karibu kila ukoo. Tunasema tunasaidiana, na ni kweli tunasaidiana, ila wengine wanavuliwa kila msimu na hakuna anayeshika jani la mgomba. Sioni kosa katika kuomba. Mutuba usiovunwa nao hautoi nguo. Kosa liko katika kukimbia na gome.

Katika karakana yangu kanuni imeshabadilika. Mwanagenzi akileta kigoda chake cha kwanza, kilichopinda, sikihukumu kama kazi yake; ni gome la kwanza lile. Nauangalia mkono wake kwanza, kama una malengelenge, kama amekula mchana. Baadhi ya mafundi wenzangu wanaona ninawadekeza. Wao hupata mwanagenzi mpya kila baada ya miezi michache, mimi ninao walewale.

Kwetu Kagera nguo ya gome imebaki zaidi kwa ajili ya sherehe na maonyesho, na si haki kuwaachia Waganda peke yao kazi iliyokuwa yetu sote. Mti wenyewe haudai gharama kubwa: huoteshwa kwa tawi lililokatwa na kuchomekwa ardhini, hauhitaji mbegu. Mwenye kibanja na apande tawi moja kati ya migomba yake mvua zijazo, na mwenye kuujua ufundi huu amfundishe kijana mmoja kufunga shina kabla hajamfundisha kupiga nyundo.