Niliinua Gari, Nusura Niipoteze Jamaa Yangu

Njia ya kwetu Kajiado ni ya udongo mweusi, na mvua ikinyesha pikapu yangu ilikuwa ikiburuta tumbo. Fundi mmoja wa jua kali akanishauri tuiinue kwa vipande vya chuma vya inchi 3 kati ya springi na ekseli. Bei ilikuwa ya chini, nami nikafurahi.

Punde propela ikaanza kutetemeka, krosi zikaisha. "Baba Naserian, gari linalia," mke wangu alinionya. Nikapuuza.

Jumapili moja tukiteremka mlima na watoto, gurudumu la nyuma lilididimia shimoni. Paipu ya mpira ya breki, iliyokuwa imevutika kama kamba, ikakatika. Kanyagio likazama. Nilirudisha gia ya chini, nikaingiza gari kichakani.

Fundi mzee alitia kabari kusawazisha pembe za propela, akafunga paipu ndefu na kutoa hewa. Pia alirekebisha valvu ipimayo mzigo. Baada ya kuinuliwa, ilidhani gari ni tupu ikapunguza breki za nyuma.

Msomaji, ukiinua gari, anza na breki. Rahisi ghali.