Kikombe Chenye Panga Mbili

Mpwa wangu mpenzi,

Nakuandikia kutoka Dresden. Mama yako kaniambia wataka kununua kikombe cha kauri cha kiwanda cha Meissen, na kwamba unakiamini kwa sababu ya panga mbili za buluu zilizopishana kwenye kitako. Ngoja kwanza.

Alama hiyo ilianza kutumika miaka ya 1720, na wengi wameiiga. Mwaka wangu wa tatu huku nilinunua sahani kwa nusu ya mshahara kwa ajili ya panga hizo tu. Ilikuwa ya kuiga. Niliumia sana.

Kwa hiyo kishike kabla hujakipindua. Kigonge kwa ukucha, kama bibi alivyogonga vyungu sokoni: kikombe kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa mlio uliokufa. Kisha kiinue kwenye mwanga, upitishe vidole nyuma yake. Kauri ikiwa nyembamba hukuonyesha kivuli cha vidole. Bakuli la bibi, lile la maua lililoandikwa Maastricht, halipitishi mwanga hata kidogo. Ni udongo wa kawaida wa kiwanda cha Uholanzi, kama mabakuli mengi yaliyoletwa pwani kwetu. Nalipenda mno, lakini si kauri.

Siri ya kauri ni udongo mweupe wa kaolini na moto wa zaidi ya digrii 1,300. Wachina waliijua karne nyingi kabla. Huku aliyeifikia ni Johann Friedrich Böttger, kijana aliyedai kwamba aweza kutengeneza dhahabu, hata Augustus, mtawala wa Saxony, akamweka kizuizini ili amtengenezee. Dhahabu haikuonekana. Akishirikiana na mwanazuoni Tschirnhaus, akapata kauri, na mwaka 1710 kiwanda kikafunguliwa kwenye ngome ya Albrechtsburg, pale Meissen. Waitaliano walikwishaita vyombo vya kauri porcellana, jina la simbi wa baharini. Nasi kwa Kiswahili kauri ni simbi, na kauri ni chombo. Siku nilipoligundua hilo nilifurahi kama mtoto.

Ukiona mkwaruzo uliokatwa juu ya panga, mara nyingi kiwanda chenyewe kilikiona chombo kina kasoro. Usikikatae, punguza bei tu.

Nitumie picha. Ya kitako iache mwisho. Anza na maua karibu na mkono wa kikombe, pale brashi inapopata shida kupita. Nataka kumwona mchoraji.

Mjomba wako