Nguzo za kuchimbia na nguzo za kupigilia

Katika nchi ya miombo inayozunguka Kabondo-Dianda, Katanga, nchini Kongo, kusimamisha nguzo nene za uzio ni kazi ya mtaimbo, beleshi na mgongo wa mtu. Seng'enge yenyewe haina umri mkubwa: Joseph Glidden wa Illinois alipata hataza ya waya wake wa miiba mwaka 1874, na reli iliyofika Bukama mwaka 1918, kisha ikapita Kamina hadi Port-Francqui (Ilebo ya leo) mwaka 1928, ndiyo iliyorahisisha kuleta vitu vizito vya namna hiyo huku Katanga. Waya ulisafiri kwa treni, lakini shimo halisafiri. Kila nguzo ililipiwa jasho papo hapo. Kwingineko duniani kazi hiyo imehamia kwenye mashine iliyofungwa nyuma ya trekta: uzito wa chuma hupandishwa juu ya mlingoti, huachiwa, na nguzo iliyochongwa ncha huzama pigo kwa pigo. Wanaoisifu mashine hii huanza na kasi. Mimi naona kasi ni sehemu ndogo ya badiliko hilo. Sehemu kubwa iko ndani ya udongo, na ndani ya mti wenyewe.

Tuanze na udongo. Anayechimba shimo huvunja ardhi iliyoshikana kwa miaka mingi, kisha huirudisha ikiwa mabonge na vumbi. Hata akishindilia kwa bidii, hairudi kama ilivyokuwa, na mvua za kwanza zikinyesha udongo huo hutitia, mtaro mdogo wa maji huzunguka shina la nguzo, na ng'ombe akijikuna hapo nguzo huanza kucheza. Nguzo iliyopigiliwa haiondoi udongo. Huusukuma pembeni, nao huibana pande zote. Wajenzi wa madaraja na bandari walilijua jambo hili zamani. Mwaka 1845, kwenye bandari ya kijeshi ya Devonport, Uingereza, James Nasmyth alishindanisha mashine yake ya mvuke na kundi la vibarua waliovuta uzito kwa kamba: mashine ilizamisha nguzo kwa dakika chache, na vibarua wakahitaji saa nyingi. Hesabu yake ni nyepesi. Uzito wa kilo 250 ukianguka mita 2 hutoa nishati ya takriban jouli 4,900, ilhali nyundo ya mkono ya kilo 6 katika mikono hodari haifiki mbali zaidi ya jouli 200.

Ila nguvu hiyo inachagua mti, na hapo ndipo hesabu inapogeuka. Huku kwetu aliyekuwa akichagua nguzo ni mchwa. Vichuguu vya Katanga, vingine virefu kupita nyumba, vinatosha kumwonya yeyote anayetaka kusimika mti laini. Ndiyo maana watu walikwenda porini kutafuta mubanga, mti ambao kiini chake mchwa hawezi kukitafuna kwa urahisi. Mubanga mara nyingi umepinda, na kwa shimo hilo si kosa: unazungusha nguzo mpaka upinde wake uelekee kwenye mstari wa uzio. Chini ya mashine, nguzo iliyopinda huyumba, pigo hutua upande mmoja, kichwa huchanua nyuzi kisha hupasuka. Mashine inataka nguzo nyofu, za mviringo, zenye unene mmoja, na hizo hupatikana kwenye mashamba ya mikaratusi na misonobari, si kwenye miombo. Miti hiyo lazima itiwe dawa. Dawa iliyoenea sana, mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki, ilibuniwa na Sonti Kamesan nchini India mwaka 1933. Shaba Katanga inayo. Aseniki ndiyo inayonitia wasiwasi. Marekani iliacha kuitumia dawa hiyo kwa mbao za makazi mwishoni mwa 2003, na mahali ambapo chakula hupikwa kwa kuni na makaa, kipande cha nguzo hiyo kikiingia jikoni moshi wake ni sumu.

Kuna watakaosema kwamba basi tubaki na mtaimbo, maana mashine inanyima vijana kibarua na inakula mafuta ambayo hapa ni ghali. Kuhusu mafuta wana haki. Kuhusu kibarua, sikubaliani nao kabisa: kuchimba ardhi iliyokauka kama tofali mwezi wa Agosti ni kazi inayoharibu viungo vya mtu kwa malipo madogo, na uzio unaolegea baada ya misimu michache humrudisha mwenye shamba porini kukata mubanga mwingine, mti unaokua polepole sana. Na si lazima kuruka kutoka mtaimbo hadi trekta. Miguu mitatu ya miti, kapi, kamba, na chuma cha kilo 50 kinachoinuliwa mita moja na nusu na watu wanne hutoa jouli zaidi ya 700 kwa kila pigo. Mubanga ulionyooka ukichongwa ncha upande mwembamba, ukavikwa pete ya chuma kichwani ili usipasuke, na kupigiliwa baada ya mvua kulainisha ardhi, utashuka bila tone la dizeli. Iliyopinda iendelee kuchimbiwa, ikiwekwa kwenye kona na kwenye lango, ambako nguzo huegemezwa mihimili hata hivyo.