Kumpata Mhadhiri wa Mawasiliano: Marekani na Nyumbani

Idara za mawasiliano katika vyuo vikuu vya Marekani zilichipuka kutokana na somo la kuhutubia hadharani, ambalo walimu wake walijitenga na walimu wa Kiingereza mwaka 1914 wakaunda chama chao, kinachoitwa leo National Communication Association. Hadi sasa somo hilo ndilo tegemeo kubwa la ajira katika idara hizo, kwa kuwa vyuo vingi huwataka hata wanafunzi wa uhandisi na uuguzi walisome. Afrika Mashariki chimbuko ni chumba cha habari. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha uandishi wa habari mwaka 1970, na Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1975, kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003. Ndiyo maana tangazo la kazi la Marekani huweza kutafuta mtaalamu wa balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, au wa mawasiliano ya afya, ilhali tangazo la nyumbani kwa kawaida hutaja uandishi wa habari, utangazaji na uhusiano wa umma.

Nchini Marekani kila idara hujitafutia mtu wake. Matangazo mengi hutoka kati ya Agosti na Novemba kwa ajili ya kazi itakayoanza Agosti ya mwaka unaofuata, na kamati ya wahadhiri wenyewe husoma barua ya maombi, wasifu, maelezo ya falsafa ya ufundishaji na barua za wadhamini, kisha huwahoji wachache kwa njia ya video, na hatimaye huwaalika wawili au watatu chuoni, kila mmoja kwa siku yake. Mwombaji aliyealikwa hutoa mhadhara juu ya utafiti wake, hufundisha somo la mfano mbele ya wanafunzi halisi, huonana na mkuu wa kitivo, na hata mlo wa jioni anaoandaliwa huwa ni sehemu ya usaili, ingawa hakuna anayeuita hivyo. Akipata nafasi ya profesa msaidizi iliyo katika njia ya ajira ya kudumu, hupimwa upya kwa takriban miaka sita kwa machapisho, ufundishaji na huduma, na asipofaulu huondoka.

Nje ya njia hiyo wapo wahadhiri wa muda, wanaolipwa kwa kila somo bila uhakika wa muhula ujao, na wapo wanafunzi wa uzamili na uzamivu, wanaosamehewa ada na kupewa posho kwa kufundisha madarasa ya kuhutubia. Kwa Mwafrika Mashariki asiye na mfuko wa kujilipia, nafasi hii ya mwisho ndiyo mlango wa kawaida wa kuingilia. Hata hivyo, idara inayomlea haimwahidi chochote, kwani vyuo vya huko kwa jumla huona haya kuajiri wahitimu wao wenyewe.

Nyumbani mambo ni kinyume, na hapa pana sifa ambayo wanadiaspora hawaitaji mara nyingi. Chuo cha umma cha Tanzania humwajiri kijana aliyefanya vizuri katika shahada ya kwanza akiwa mhadhiri mkufunzi, humpa ruhusa ya kwenda kusoma huku mshahara ukiendelea, na humpandisha kuwa mhadhiri msaidizi apatapo uzamili, na mhadhiri apatapo uzamivu. Ulezi wa namna hiyo wa kazini ni tunu, na aliyetangatanga Marekani kutoka mkataba mmoja hadi mwingine ndiye anayeweza kuueleza vizuri.

Ugumu upo mlangoni. Matangazo hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na kipimo cha kwanza ni wastani wa alama, au GPA kama wanafunzi wanavyouita, ambao kwa shahada ya kwanza mara nyingi hutakiwa usipungue 3.8 kati ya 5. Daraja la pili la juu huanzia 3.5, kwa hiyo mhitimu wa daraja zuri aliyepata 3.6, kisha akafanya kazi redioni miaka kumi na kurudi na uzamivu kutoka ng'ambo, anaweza kuachwa kwa sababu ya mitihani aliyoifanya akiwa na umri wa miaka 22. Mwingine hukwama kwa sababu shahada yake ya utafiti kutoka Uingereza haina wastani wa alama kabisa, au kwa sababu wastani wake wa Marekani umepigwa kati ya 4, si kati ya 5.

Kipimo hicho kina mantiki yake, na si haki kukibeza. Tarakimu haina shangazi wala mwanakijiji mwenzake, na mahali ambapo watu wanaogopa kujuana, namba huwalinda wasio na mtu. Kamati za Marekani, pamoja na taratibu zake zote, zina uhuru mkubwa wa kumkataa mtu kwa kuwa tu hakuivana nao. Lakini mawasiliano ni fani ambayo ujuzi wake huonekana mtu anaposimama na kusema, au anapoweka mezani vipindi na habari alizozitengeneza, na idara inayomchagua mwalimu wa utangazaji bila kusikia sauti yake ikifundisha imejinyima ushahidi ulio karibu kuliko wote. Kiwango cha alama kingeweza kubaki, huku uzamivu na uzoefu wa chumba cha habari vikipewa uzito wa kufidia pengo dogo, na somo la mfano likifanywa mbele ya wanafunzi kabla ya uamuzi.

Kenya ina masharti yake: kila chuo hutangaza chenyewe, na uzamivu ndio kigezo cha cheo cha mhadhiri.

Kwa Mtanzania anayefikiria kurudi, maandalizi yaanze kabla ya kukata tiketi. Vyeti vya nje vipelekwe mapema Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ili vitambuliwe. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine ajue kwamba matangazo ya Sekretarieti huwataka raia wa Tanzania, na kila mwombaji ajue kwamba kwa kawaida huweka ukomo wa umri wa miaka 45 kwa asiye mtumishi wa serikali. Kisha atafute cheti chake halisi cha kidato cha nne, kwa sababu hati ya matokeo haikubaliwi, hata ikiambatanishwa na shahada ya uzamivu.